Nikate simu au niiache? Uhuru wa kusema katika nchi ya watu wengi

Hotuba kwa watangazaji wa redio za jamii na viongozi wa dini, Arusha

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa mashehe, maaskofu na wachungaji, wazee wetu, ndugu zangu watangazaji. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Mmeniitikia zote tatu, ahsanteni sana. Naomba niseme itifaki imezingatiwa, kisha nianzie hapo hapo kwenye salamu. Kila moja imebeba imani ambayo baadhi ya waliomo humu hawaikubali. Wapo wasioamini kwamba Yesu ni Mungu. Wapo wasioamini kwamba Muhammad ni Mtume. Mmekaa meza moja, chai mmekunywa birika moja, na hakuna aliyeinuka kwenda polisi. Leo nataka tuizungumze hali hiyo, kwa sababu tumeizoea mpaka tunasahau kwamba ina sheria yake.

Jana jioni, nikiwa pale kwenye ngazi, alinijia binti mmoja mtangazaji. "Shikamoo mzee." Nikamjibu marahaba mwanangu. Akaniambia ana jambo linalomkosesha usingizi. Kipindi chake cha asubuhi kinapokea simu za wasikilizaji. Wiki iliyopita alipiga bwana mmoja akasema dini ya jirani yake ni ya uongo, kitabu chao kimechezewa. Binti akaikata simu, akaomba radhi hewani. Siku mbili baadaye akapiga mwingine. Huyu alisema wafugaji waliohamia kijijini na ng'ombe wao ni kunguni, na kunguni dawa yake ni maji ya moto, waondolewe kabla mvua hazijaanza. Binti akamwacha akamaliza. "Hakutukana dini ya mtu, mzee. Nikaona ni maoni yake." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini: "Na mmoja wa hao wafugaji ndiye anayetuletea maziwa ya chai pale kituoni."

Nilimwambia nitamjibu leo mbele ya wote. Jibu fupi ni kwamba alikata simu isiyostahili kukatwa, akaiacha iliyostahili. Lakini simlaumu. Dola yenye polisi, waendesha mashtaka na mahakimu imewahi kuchanganya mambo namna hiyo hiyo.

Twendeni Morogoro, mwaka 2000. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Miaka ile ilikuwa ya mihadhara. Mimi nilikuwa wakili kijana, na nilipenda kusimama pembeni ya uwanja baada ya swala ya alasiri. Kuna meza, kitambaa cheupe, Biblia na Qur'ani zimewekwa pamoja. Kipaza sauti kimefungwa juu ya mwembe, waya unashuka mpaka kwenye betri ya gari chini ya meza. Mhadhiri anasema, "Fungua Yohana," kijana anafungua, anasoma kwa sauti, mhadhiri anauliza swali. Wakristo waliosimama pembeni wanajibu. Kina mama wanapita na masinia ya karanga. Kulikuwa na kelele, na kulikuwa na watu waliokwenda nyumbani wamekasirika. Kulikuwa pia na watu waliokwenda nyumbani kusoma vitabu vyao kwa mara ya kwanza.

Mwezi Machi mwaka huo mhubiri mmoja wa Kiislamu, Hamisi Rajabu Dibagula, alikamatwa mkoani Morogoro. Kosa lake lilikuwa kusema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Akashtakiwa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomwadhibu mtu anayetamka maneno kwa nia mahsusi ya kuumiza hisia za dini za mwingine. Mahakama ya Wilaya ikamtia hatiani na kumfunga miezi 18. Mwaka 2001 watu wakaandamana Dar es Salaam kupinga kifungo hicho, na wengine wakakamatwa. Mahakama Kuu ikamtoa gerezani lakini ikaiacha hatia mahali pake. Mtu mwingine angeshukuru na kwenda zake. Yeye akakata rufani, na mwaka 2003 Mahakama ya Rufani, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ikaifuta hatia ile.

Ikaifuta kwa nini? Siyo kwamba majaji walisema hakuna Mkristo aliyeumia. Inawezekana waliumia, na maumivu yao yalikuwa ya kweli. Lakini kifungu kinadai nia. Mtu anayetangaza anachokiamini, tena jambo ambalo ni msingi wa dini yake, huwezi kusema kwa hilo tu kwamba amekusudia kumjeruhi jirani. Ukisema hivyo, mfunge na padri Jumapili anaposema Yesu ni Mungu, maana naye anamkana Muislamu. Mfunge kila muumini mkweli. Katiba yetu, Ibara ya 19, inasema kazi ya kutangaza dini na kuieneza ni huru. Huwezi kutangaza dini bila kusema, kwa uwazi au kwa kificho, kwamba yule mwingine amekosea.

Hebu turudi kwenye kifungu chenyewe, maana kina safari ndefu. Hakikutungwa Dodoma wala Dar es Salaam. Maneno yake yalitoka katika sheria ya makosa ya jinai ya India ya mwaka 1860, ambayo rasimu yake iliandaliwa na tume ya Mwingereza Macaulay mnamo 1837. Waingereza wakayasambaza katika makoloni yao, na Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ikaja mwaka 1930. Lakini hata wale watawala, ambao kusema kweli hawakuujali uhuru wetu, walieleza kwamba wanataka kuacha nafasi pana kwa mijadala ya dini na kumzuia yule tu anayejificha nyuma ya mjadala ili atukane kwa makusudi. Ndiyo maana wakaweka neno la nia. Kazi ya mahakimu ni kulisoma neno hilo, na Morogoro halikusomwa.

Desemba ya mwaka huo huo wa 2000, mkoa huo huo, huko Rudewa wilayani Kilosa, wakulima na wafugaji walipambana, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Sisemi maneno ya mtu fulani ndiyo yaliyoua. Kuna ardhi pale, kuna maji, kuna njia za mifugo, kuna viongozi walioshindwa kazi. Lakini jiulizeni macho ya dola yalikuwa yanatazama wapi. Yalikuwa yanamtazama mtu anayebishana juu ya Utatu Mtakatifu. Nani alikuwa anasikiliza namna wanavijiji walivyokuwa wakiitana?

Sasa nataka kusema jambo moja ambalo ndilo lililonileta hapa, mengine yote ni kulizungukia. Katika nchi ya watu wengi, sheria ikichukua kuumia kwa msikilizaji kuwa ndiyo kipimo, itaziba midomo yote, kwa sababu sisi sote tunaumizana kwa kuwa tofauti tu. Kipimo kiwe hatari kwa mtu. Imani ya mtu inaweza kubishiwa, kukataliwa, hata kuchekwa. Mwili wake, nyumba yake, ng'ombe wake na haki yake ya kukaa hapa, hapana.

Najua mashehe na wachungaji humu mnasema moyoni: wakili huyu anataka tutukaniwe Mtume, tutukaniwe Yesu. Wazee wangu, sitaki. Nikimsikia mtu anatukana, namwona hana adabu, na nyumbani kwangu hakanyagi. Lakini kukosa adabu ni kazi ya wazazi, ya misikiti na ya makanisa. Mkiikabidhi polisi, mjue mmekabidhi pia mahubiri yenu, kwa sababu siku moja OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, atakuwa wa dini ile nyingine, na ataamua yeye ni lini Yohana sura ya 14 inageuka kuwa kashfa.

Mtaniuliza, basi maneno makali tutayapimaje? Nilipomzika baba yangu, sisi Wazaramo, walikuja watani wetu Wanyamwezi. Kaburi limechimbwa, mwili uko njiani, mtani mmoja akaruka ndani akalala chali. "Mzee huyu alikuwa mchoyo! Hakutuachia hata kuku! Hatoki mtu humu mpaka tulipwe!" Mama yangu mkubwa, aliyekuwa analia tangu alfajiri, akacheka mpaka akashika ubavu. Tukachanga, tukalipa, mtani akatoka, tukazika. Hebu chukueni maneno yale yale yasemwe na mgeni, siku ile ile, mbele ya watoto wa marehemu. Angepigwa. Babu zetu waliopigana vita na kufanya biashara ya misafara walijua kwamba neno halina uzito wake lenyewe. Uzito unatoka kwa msemaji, kwa msikilizaji, kwa mahali, kwa wakati, na kwa yale yaliyopita kati yao. Mwaka 2012 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikutana Rabat, Morocco, wakaandika vigezo vya kupima uchochezi wa chuki: mazingira, msemaji na nguvu aliyonayo, nia, maneno yenyewe, yamefika kwa watu wangapi, na uwezekano wa madhara. Nilipovisoma nilimkumbuka yule mtani kaburini.

Na mji huu tuliomo, jamani, hauko mbali na upande wa pili wa jambo hili. Pale AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilitoa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari. Washtakiwa walikuwa Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio RTLM, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Ilikuwa na muziki mzuri, watangazaji wachangamfu, simu za wasikilizaji, lugha ya mtaani. Vijana waliipenda. Ndani ya uchangamfu ule Watutsi waliitwa inyenzi, mende. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, redio ile ile ikawa inataja watu kwa majina na mahali walipo.

Mende. Na huyu wetu wa wiki iliyopita alisema nini? Kunguni, na maji ya moto.

Kuna sehemu ya kesi ile ambayo watu hawaitaji sana, na mimi naipenda kwa sababu inaonyesha majaji wakifanya kazi ngumu bila kukimbia. Novemba 2007 kitengo cha rufani kilipunguza adhabu: Nahimana miaka 30, Barayagwiza 32, Ngeze 35. Kikasema matangazo ya RTLM ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, pamoja na ubaya wake wote, hayakuthibitishwa kuwa wito wa moja kwa moja wa kufanya mauaji ya kimbari. Ya baada ya hapo ndiyo. Fikirieni, mbele ya kaburi kubwa kiasi kile, majaji bado wanatenganisha chuki na wito wa kuua, wanauliza tarehe, wanauliza maneno kamili. Wao waliweza. Hakimu wa wilaya naye anaweza.

Wenzetu Wakenya walijifunza kwa gharama. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Walipoandika Katiba mpya ya 2010 wakaweka uhuru wa kujieleza Ibara ya 33, na mipaka wakaiandika humo humo: uhuru huo hauhusu propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, wala kuhimiza chuki ya kikabila. Mimi napenda mipaka iliyoandikwa, kwa sababu unaiona na unaweza kubishana nayo. Hata hivyo kuandika hakumalizi kazi. Chukueni neno "madoadoa". Kwetu ni neno la kufulia, shati lina madoadoa, loweka kwenye jiki. Kule Bonde la Ufa lilitumika kwa watu wa makabila mengine waliohamia, kwamba waondolewe eneo likae safi. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alilitamka jukwaani Eldoret, kesho yake akakamatwa. Mwaka huo huo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikatoa orodha ya maneno ya chuki, na hilo likiwemo. Naelewa hofu yao, maana waliokuwa Kiambaa siku kanisa lilipochomwa Januari 2008 hawahitaji kufafanuliwa neno hilo. Lakini orodha ya maneno haitoshi. Mchochezi atabuni lingine kabla jua halijazama, na anayefua shati ataogopa kuzungumza.

Hapa lugha yetu yenyewe inatuponza. Neno "uchochezi" linatoka kwenye kuchochea moto, ni neno zuri, unaona kuni zinasogezwa. Lakini katika sheria zetu neno hilo moja linabeba mambo mawili yasiyo ndugu. Kumwita jirani kunguni na kutaka afukuzwe ni uchochezi. Kuandika kwamba serikali imekosea, nako tumezoea kukuita uchochezi. Kwa hiyo kila mara tunapokubali, kwa ajili ya amani, kwamba uchochezi uadhibiwe, kuna mkono unaolichukua neno hilo na kwenda nalo kwenye chumba cha habari.

Msinielewe vibaya, si jambo la serikali hii au ile. Mwaka 1958 Julius Nyerere alisimamishwa mahakamani Dar es Salaam kwa makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU dhidi ya wakuu wa wilaya wa kikoloni. Akatiwa hatiani, faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Waliomshtaki nao walisema wanalinda utulivu. Desemba 2014, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa hapa Arusha, ilisema Burkina Faso ilivunja haki za mwandishi Lohé Issa Konaté ilipomfunga mwaka mzima kwa alichoandika juu ya mwendesha mashtaka. Na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, hapa hapa tena, ikasema vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mji mmoja umeadhibu redio iliyochochea mauaji, na umewaambia watawala mara mbili kwamba mwandishi si adui. Sioni mgongano. Ni kazi moja: kuuliza nani yuko hatarini. Waziri aliyekosolewa ana walinzi. Mfugaji aliyeitwa kunguni ana fimbo na watoto.

Katiba yetu inatupa pa kusimama. Ibara ya 18 inasema kila mtu "anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake". Zamani ilitanguliwa na maneno "bila ya kuathiri sheria za nchi", yaani Bunge likitunga sheria ya kukunyamazisha, umenyamaza kikatiba. Maneno hayo yaliondolewa mwaka 2005. Mipaka imebaki Ibara ya 30, inayotaja haki za wengine na maslahi ya umma. Ni maneno mapana sana, mtu anaweza kupitisha lori. Ndiyo maana nawaomba mkumbuke kesi ya Daudi Pete, iliyohusu dhamana. Humo Mahakama ya Rufani ilisema sheria inayobana haki lazima isiwe ya kiholela, na isibane zaidi ya kinachohitajika. Nimeitumia hoja hiyo mahakamani zaidi ya mara moja, na mara nyingine nimeshindwa. Sijaacha kuitumia.

Najua kuna anayesubiri kuniuliza habari ya Mbagala. Oktoba 2012 watoto wawili walibishana, mmoja akaikojolea Qur'ani. Watu wakafurika kituo cha polisi wakitaka wapewe mtoto. Polisi wakakataa. Makanisa yakachomwa. Je, kuumia si hatari basi? Swali zuri, na sina haja ya kulikwepa. Waislamu waliumia, tena wengi waliumia kimya kimya na kwenda kuswali. Hatari ilianza pale mtu alipowaambia wenzake twende tukachome. Huyo ndiye wa kushtakiwa kwa uchochezi. Tukimwadhibu mtoto kwa ukubwa wa hasira za watu wazima, tumetangaza kwamba anayechoma zaidi ndiye analindwa zaidi, na kesho kila kundi litatafuta kiberiti.

Mwanangu wa jana, uko wapi? Simama kidogo, usione haya.

Bwana wa dini akipiga tena, usimkate. Muulize amesoma wapi, mpe dakika zake, kisha mwite shehe au mchungaji wa upande wa pili ajibu hewani, nao hawa hapa wamekusikia. Akianza kutukana mama za watu, punguza sauti, mwambie arudi akitulia. Hiyo ni adabu ya kipindi chako, si jinai. Akisema msikiti ule au kanisa lile lichomwe, au wale wasiuziwe maji, hapo kidole kisichelewe.

Bwana wa kunguni akipiga, kata kabla hajafika kwenye maji ya moto. Usiseme tu "tumepoteza mawasiliano". Waambie wasikilizaji kwa nini umekata: kwamba aliowataja ni watu, na kwamba mgogoro wa malisho una mwenyekiti wa kijiji na una baraza la ardhi. Andika saa na maneno aliyosema, tunza rekodi. Halafu kipindi hicho hicho, usingoje kesho, mpigie mfugaji mumpe dakika zile zile. Namba yake mnayo. Ndiye anayewaletea maziwa.